Je, wajua kwa nini muziki wa house unaitwa hivyo?

Jumamosi usiku Kisumu, ohangla, ngoma ya Waluo, ikishapumzika, DJ huingiza amapiano na ukumbi mzima ukainuka. Amapiano imetoka Afrika Kusini, hilo wengi twalijua. Imezaliwa na house, na hapo ndipo watu hukosea: hudhani house ni muziki wa sherehe za sebuleni. Sivyo. Jina hilo ni kipande cha Warehouse, yaani ghala.

Warehouse ilikuwa klabu iliyofunguliwa mwaka 1977 mjini Chicago, Marekani, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda. Mwenyewe alikuwa Robert Williams. DJ wake, Frankie Knuckles, kijana wa miaka 22 kutoka New York. Waliolijaza wengi wao walikuwa vijana weusi na Walatino, wanaume wanaopenda wanaume wenzao, kama Knuckles mwenyewe. Kwingine walifukuzwa kwa rangi yao au kwa mapenzi yao. Hata baa za mashoga wazungu mara nyingi ziliwabania weusi mlangoni. Humu walikunywa juisi, maana pombe haikuuzwa, wakacheza disko hadi Jumapili kumekucha.

Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mjini humo humo, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua kreti la santuri za disko mbele ya maelfu ya watu. Umati ukavamia uwanja, mchezo uliofuata ukashindikana. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akiwaelekeza mashabiki viti vyao siku hiyo, baadaye alieleza kwamba santuri nyingi zilizoletwa na mashabiki ili zilipuliwe hazikuwa za disko hata kidogo, bali za wanamuziki weusi tu. Mimi hilo hunichoma kuliko mlipuko wenyewe.

Baada ya hapo kampuni za muziki zikaikimbia disko. Nyimbo mpya za kucheza zikaadimika, basi Knuckles akawa anakata kanda za zamani na kuziunganisha upya, akirefusha pale panapochezeka. Baadaye akaongeza mashine ya ngoma: dum, dum, dum, dum, bila kukatika. Wateja wakaenda duka la santuri la Importes Etc. kuulizia nyimbo za Warehouse, duka likazibandika jina hilo, nalo likafupishwa. Lawrence yule yule akashirikiana na Jesse Saunders kutoa “On and On” mwaka 1984, moja ya santuri za kwanza kabisa za house.

Miaka ya 1990 vijana wa Afrika Kusini waliipunguza kasi, ikawa kwaito, kisha amapiano, hadi ikatufikia sisi wa ziwani. Kwamba ulianzia kwa mashoga weusi, nalisema wazi kwa sababu kwetu Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni za Adhabu, kinachoharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume, bado kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na anayecheza karibu nawe huenda analazimika kujificha huku akicheza muziki wa watu kama yeye.

Knuckles alifariki mwaka 2014. Jengo lile bado limesimama, na tangu 2023 jiji la Chicago linalilinda kama turathi.