Mapishi ya Iraki: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Masgouf ni samaki wa kuchoma tu." Tofauti ni kwamba hawekwi juu ya moto, huwekwa kando yake. Samaki mnono wa mtoni, wa kilo 2 hadi 3, kama bunni au shabbut wa mto Tigris, hupasuliwa mgongoni toka kichwani hadi mkiani. Tumbo halikatwi, hivyo akifunuliwa huwa bapa na mviringo. Hupakwa chumvi, manjano na ukwaju, kisha husimamishwa kwenye vijiti, nyama ikielekea moto wa kuni za miti ya matunda, kwa saa nzima au zaidi. Mafuta yake hudondoka chini wala hayaangukii makaa, kwa hiyo moto hauripuki ukamtia masizi. Mwishoni hulazwa juu ya makaa kwa upande wa ngozi, dakika chache tu. Akisogezwa karibu mno, uso huungua huku minofu minene ya mgongo ikibaki mbichi. Samaki asiye na mafuta hukauka kabla hajaiva; usimjaribu.

"Numi Basra ni ndimu za Basra." Hizi ni ndimu kavu za Oman, ambako huitwa lumi, Basra ni bandari zilikoingilia. Ndimu huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha huanikwa juani hadi ziwe nyeusi, ngumu na nyepesi. Kwa mchuzi wa kilo 1 ya nyama zinatosha 2 au 3. Zitoboe, au zipasue utoe kokwa, maana uchungu mwingi hutoka humo.

"Mchuzi mwekundu wa nyanya ndio wa asili." Nyanya asili yake ni Amerika. Kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi, mwandishi wa Baghdad, cha mwaka 1226, hakingeweza kuwa nayo: sikbaj, nyama iliyopikwa kwa siki na kutiwa utamu, ilipata ukali wake bila nyanya.

"Ni mapishi ya kuazima kwa Waturuki na Waajemi." Kuazimana kupo, tena pande zote. Lakini mabamba ya udongo yaliyoko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ya takriban mwaka 1730 KK, yana mapishi ya Babeli. Bamba moja pekee lina 25, karibu yote ya mchuzi, yenye liki (mboga ya jamii ya kitunguu) na vitunguu saumu. Vipimo na muda wa kupika karibu havitajwi, kwa hiyo anayekuuzia "kipimo halisi cha Babeli" amekibuni mwenyewe.

"Wali ulioshika chini umeharibika." Ukoko huo, hkaka, hutafutwa kwa makusudi: mchele urowekwe nusu saa, uchemshwe nusu kuiva, uchujwe, urudishwe kwenye sufuria yenye mafuta moto, ufunikwe kwa moto mdogo dakika 30. Ukiukoroga, hakuna ukoko.