Je, wajua kwa nini nyama ya papa huoshwa kabla ya kupimwa?

Papa akilala siku moja bila barafu, huanza kutoa harufu kali ya amonia. Chanzo chake ni urea. Papa huiweka kwa wingi mwilini ili maji ya chumvi yasimkaushe, na akifa bakteria huivunja ikawa amonia. Urea hiyohiyo huwapotosha watafiti wanaotaka kujua nani anamla nani baharini.

Watafiti hao hupima isotopu tulivu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito. Naitrojeni nyingi ina uzito wa 14, na chache sana 15. Kila kiumbe anayemla mwenzake hubaki na ile nzito kwa wingi zaidi, kwa wastani wa kama 3.4 kwa elfu kila ngazi. Kwa hiyo unga wa mnofu, hata miligramu moja, unatosha kukadiria samaki yuko ngazi ya ngapi. Lakini naitrojeni ya urea ni nyepesi kuliko ya protini. Papa akipimwa nayo, mwindaji mkubwa huonekana kama samaki wa ngazi ya chini. Ndiyo maana mnofu wake husuuzwa mara kadhaa kwa maji safi ya maabara, kisha ndipo hukaushwa na kusagwa.

Mafuta yanasumbua upande wa kaboni. Kaboni haibadiliki sana toka ngazi hadi ngazi, hivyo huonyesha chakula kilianzia wapi: kwenye nyasi bahari za ufukweni au kwenye mimea midogo inayoelea majini. Sasa, mwili unapotengeneza mafuta hupendelea kaboni nyepesi, na samaki mnono anaweza kudhaniwa amelishwa na mimea ile ya kuelea ilhali chakula chake kilianzia kwenye nyasi. Mafuta hutolewa kwa kloroformu na methanoli. Kaa wana shida ya chokaa ya gamba, inayoondolewa kwa asidi.

Tatizo ni kwamba kloroformu na asidi, zikishasafisha kaboni, huweza kuondoka na sehemu ya naitrojeni. Kwangu mimi njia ya kuaminika ni kugawa sampuli: nusu isafishwe kwa ajili ya kaboni, nusu iachwe bila dawa kwa ajili ya naitrojeni. Gharama ya kupima huwa maradufu, lakini bila hivyo papa wawili waliovuliwa bahari moja wanaweza kuandikwa kuwa wanakula vyakula tofauti, kumbe mmoja alioshwa na mwingine hakuoshwa.