Nimeanza insulini, mbona nanenepa? Maswali na majibu kwa wenye kisukari

Kabla ya sindano nilikonda mpaka nguo zikanipwaya. Sasa suruali zile zile hazifungi. Insulini inanenepesha?

Insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia mwilini, haina mafuta wala sukari ndani yake. Kilichobadilika ni kule kinakokwenda chakula unachokula. Sukari ya damu ikipita takriban 10 mmol/L (kipimo kinachosomwa kwenye mashine ya kupimia sukari), figo hushindwa kuizuia yote, nyingine hutoka na mkojo. Ukipoteza gramu 100 kwa siku, umekojoa kalori 400, karibu sawa na sahani ya wali mtupu. Ndiyo maana ulikuwa unakula vizuri na bado unakonda, kiu haikatiki, usiku unaamka kila mara kwenda chooni.

Sasa sukari hiyo inabaki mwilini. Inatumika kwenye misuli na ini, na inayozidi mahitaji hugeuzwa mafuta. Tena insulini huzuia mwili kuyeyusha mafuta uliyokwisha kuyaweka. Lakini kilo za mwanzoni, kwa mtu aliyekonda kwa ugonjwa, nyingi ni maji na nyama ya mwili aliyokuwa amepoteza. Hizo alizihitaji. Wasiwasi uanze pale uzito unapopita ule wa kabla ya kuugua na bado unapanda.

Basi niruke sindano ya jioni nipungue?

Hapana, na hapa nasisitiza kwa nguvu zote, hasa kwa vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini. Kweli utapungua, kwa sababu sukari itarudi kumwagika kwenye mkojo na mwili utaanza kujila. Damu hujaa asidi. Mgonjwa hutapika, tumbo humuuma, huhema kwa kasi na kwa kina, na pumzi hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hali hiyo huua ndani ya siku chache. Mwenye aina ya pili, ambaye mwili wake bado hutengeneza insulini ila haitoshi au haifanyi kazi vizuri, anaweza asifike huko haraka, ila macho, figo na mishipa ya miguu vinaharibika polepole.

Sili sana, naapa. Uzito unatoka wapi?

Nakuamini. Swali langu kwako ni hili: sukari inakushuka mara ngapi kwa wiki?

Wengi wetu huku Tanzania hutumia insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya kudumu katika sindano moja), asubuhi na jioni. Sindano ya asubuhi huwa bado inafanya kazi mchana. Chakula cha mchana kikichelewa, unatetemeka, jasho linakutoka, unashikwa na njaa isiyovumilika. Unakunywa soda nzima, unaongeza maandazi mawili, halafu mchana unakula kama kawaida. Jambo hilo likijirudia, huo ndio uzito wako, na hujakosa nidhamu hata kidogo: mwili ulikuwa unajiokoa.

Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, chukua gramu 15 za sukari: vijiko 3 vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300 (isiwe ile isiyo na sukari). Subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini? Rudia. Maandazi na chokoleti havifai kwa kazi hii, mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu.

Kisha andika siku na saa kwenye daftari. Kuamka na kichwa kizito au shuka lililolowa jasho nako kuandikwe, huenda ilishuka usiku. Daktari akiliona daftari hilo anaweza kukupunguzia dozi au kukubadilishia muda. Dozi hupunguzwa hivyo, kwa vipimo.

Niache ugali?

Usiache, pima. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo samaki, maharage au nyama. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi zake, ila mlima wa dona bado ni mlima wa wanga. Mafuta ya kupikia ndiyo husahaulika: kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na mchicha wa nyumbani huungwa kwa vijiko vitatu vinne. Juisi, hata ya matunda uliyosaga mwenyewe, ibaki ya kupandishia sukari iliyoshuka.

Kabla ya kupunguza chakula kwa kiasi kikubwa, au kufunga Ramadhani, onana na daktari kwanza. Dozi ya zamani kwa chakula kidogo ni hatari.

Mazoezi je?

Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki kunatosha kuanzia. Pima sukari kabla, ikiwa chini ya 5 mmol/L, kula kitu kwanza.

Kuna dawa ya kusaidia?

Kwa aina ya pili, metformini (vidonge vya kushusha sukari) ikitumiwa pamoja na insulini hupunguza kunenepa. Wapo wanaoiacha wakidhani sindano imechukua nafasi yake. Usiiache bila kuambiwa. Badilisha pia sehemu ya kuchoma: ukichoma pale pale kila siku hutokea uvimbe, insulini inaingia ovyo, na dozi hupandishwa bila sababu.

Nijipime uzito kila siku?

Mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai. Ukipanda ghafla ndani ya siku chache, miguu ikavimba au ukakosa pumzi ukilala chali, hayo ni maji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.