Dhana potofu kuhusu kutangaza tovuti ya biashara, na ukweli wake

Nimekaa na wafanyabiashara wengi wakati wanapanga namna ya kutangaza tovuti zao, na karibu kila mara maongezi yanaanza na "tuposti wapi" au "tutenge shilingi ngapi za matangazo", kabla hatujajibu swali dogo tu, mtu akishaingia kwenye hiyo tovuti unataka afanye nini? Apige simu, ajaze fomu, anunue palepale, au aache barua pepe yake? Kama hilo halina jibu basi mpango bado haupo, na hapo ndo dhana nyingi potofu zinapopata nafasi.

"Tovuti ikishakuwa hewani wateja watakuja wenyewe"

Hawaji. Google inabidi kwanza iikute tovuti, isome kurasa zake na kuziingiza kwenye hifadhi yake ndo ianze kuzionyesha kwa watu, na hamna ahadi kwamba kila ukurasa utaingizwa. Kuna zana ya bure inaitwa Google Search Console, unathibitisha tovuti ni yako alafu inakuonyesha kurasa zipi zimeingia, zipi zimeachwa, na watu waliandika maneno gani mpaka wakakuona. Hicho kipengele cha mwisho mimi nakipenda sana kwa sababu kinakupa lugha ya mteja mwenyewe. Mwenye biashara kaandika juu kabisa ya ukurasa "suluhisho za kisasa za usafirishaji" wakati mteja kule anaandika "gari la kuhamisha vitu vya nyumbani", sasa hao wawili watakutanaje?

"SEO ni kurudiarudia maneno na kununua linki"

SEO ni kazi ya kuisaidia tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya Google bila kulipia tangazo, na linki zinazosemwa hapa ni zile za tovuti nyingine zinazoelekeza kwako. Dhana hii ni ya zamani na bado inauzwa kila siku. Google walisema wazi Septemba 2009 kwamba ile tagi ya keywords, yani orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya msimbo (code) wa ukurasa, hawaitumii kupanga matokeo. Februari 2011 wakabadilisha namna ya kupanga matokeo, mabadiliko yanayoitwa Panda, yaliyoshusha tovuti zenye maandishi mepesi yasiyo na msaada, na Aprili 2012 ikaja Penguin kwa wale wanaojaza maneno na kutengeneza linki za uongo. Kwa hiyo mtu akikutumia ujumbe kwamba ana kifurushi cha linki elfu kumi na wiki mbili utakuwa namba moja, tafadhali usimpe hela yako. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza, na walishaeleza kwamba mara nyingi kazi ya SEO inahitaji miezi 4 mpaka mwaka kuanza kuzaa matunda. Panga bajeti ukilijua hilo, usije ukakata tamaa mwezi wa pili.

"Ukilipia matangazo unapanda hata kwenye matokeo ya kawaida"

Hapana, ni vitu viwili tofauti. Matangazo yanapangwa kwa mnada unaofanyika kila mtu anapotafuta, na kwenye huo mnada hela sio kila kitu, wanaangalia pia kama tangazo linajibu alichotafuta mtu na kama ukurasa anaopelekwa una maana, ndo maana mwenye dau dogo anaweza kukaa juu ya mwenye dau kubwa. Ukizima malipo, wageni wa matangazo wanakoma siku hiyohiyo.

"Shida yetu ni watu wachache, tukipata wengi mauzo yatapanda"

Hapa naomba tukae kidogo, manake hapa ndo hela nyingi zinapotea.

Chukua hesabu rahisi. Watu 1,000 wanaingia kwa mwezi na kati ya kila 100 mmoja anawasiliana na wewe, hao ni 10. Unaweza kulipia wageni wengine 1,000 ili wafike 20, au unaweza kurekebisha ukurasa ili kati ya 100 wawasiliane wawili, wanakuwa 20 vilevile na hujaongeza senti ya matangazo. Watu wengi wanakimbilia ile ya kwanza tu.

Kuna tovuti moja niliombwa niiangalie, mwenyewe analalamika kwamba matangazo yanamla na hakuna anayeandika. Nikaifungua kwenye simu. Picha ya juu ilikuwa nzito balaa, inashuka kipande kipande, alafu fomu ya mawasiliano ina visanduku 14, mpaka namba ya faksi ipo na ni lazima ujaze, na ukigusa kisanduku cha mwisho kibodi ya simu inafunika kitufe cha kutuma. Yeye siku zote alikuwa anaiangalia kwenye kompyuta ya ofisini kwa hiyo hakuwahi kuliona hilo. Tukabakisha vitatu, jina, namba ya simu na unahitaji nini, picha tukaipunguza uzito, na ujumbe ukaanza kuingia wiki ileile kwa matangazo yaleyale. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, lakini hata bila kipimo, we chukua simu ya kawaida, zima wifi, ujaribu kununua kwako mwenyewe.

"Lazima tuwe kwenye kila mtandao"

Chagua mmoja au miwili ambayo wateja wako wapo kweli na ambayo utaweza kujibu maswali. Akaunti iliyolala miezi minane inamfanya mteja adhani umefunga biashara.

"Barua pepe imekufa, wafuasi wa mitandaoni wanatosha"

Wafuasi ni wa mtandao, sio wako. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa Aprili 2019 na waliojenga hadhira yao pale walianza upya, ila mwenye orodha ya barua pepe aliondoka nayo. Sharti orodha iwe ya watu waliokubali wenyewe, usinunue majina. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma kwa wingi, ikiwemo kuweka njia rahisi ya kujitoa, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yani watu 3 tu kwa kila 1,000.

"Posti ina laiki nyingi, kwa hiyo mpango unafanya kazi"

Laiki haikuambii nani alinunua. Weka tagi za UTM mwishoni mwa linki unazosambaza, ni maneno machache tu yanayosema mgeni katoka wapi, alafu soma kwenye Google Analytics, zana ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti. Na hakikisha una toleo jipya, lile la zamani liliacha kupokea data za tovuti za kawaida tangu 1 Julai 2023 na bado nakutana na tovuti zenye msimbo wake, mwenyewe anaamini unahesabu. Kwa wale wanaopiga simu hakuna tagi itakayokusaidia, kwa hiyo anayepokea simu awe na daftari pembeni, aulize "umetupata wapi?" na aandike jibu kabla hajakata.