Nani Kawaambia Tumezoea?

"Nyie watu wa hospitali si mmeshazoea?" Nimeambiwa hivyo msibani, nimeambiwa kwenye daladala, nimeambiwa kwenye kamati ya harusi na mjomba mmoja aliyekuwa anatafuna kuku. Nikameza. Mwezi huu nimeambiwa na mtu anayepanga ratiba ya zamu za wauguzi, na hapo uvumilivu ukaisha. Nilikuwa nimeomba muuguzi mmoja wa leba apumzishwe zamu za usiku kwa muda. Jibu: yule ni mkongwe, kaona vifo vingi, hana shida, nishughulike na yule binti mpya anayelia chooni.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Mchana naona wagonjwa. Jioni, koridoni kukishatulia, wanagonga wenzangu wenye sare. Na niseme mapema: binti anayelia chooni hanipi presha. Analia, ananawa uso, anarudi wodini. Bado anajua kwamba aliyekufa ni mtu. Ninayemhofia ni mkongwe.

Kwa asiyewahi kuingia leba: mama akifariki kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, saa inayofuata ya muuguzi haina nafasi ya majonzi. Anatoa kanyula na mpira wa mkojo. Anafunga taya kwa bandeji. Anaandika jina kwenye plasta na kuibandika. Anaorodhesha vitu vya marehemu, khanga mbili, simu, na pete ambayo haitoki kwa sababu vidole vilivimba, kwa hiyo anatafuta sabuni. Kichanga kinalia, kinataka maziwa. Nje kwenye benchi ndugu wamekaa na chupa ya uji, hawajui. Faili lazima lijazwe, maana taarifa ya kifo cha uzazi inatakiwa itoke ndani ya saa 24. Na kitanda cha pili yupo mama mwingine, njia imefunguka sentimita nane.

Akiyafanya yote hayo bila chozi, watu wanasema ana roho ngumu. Amezoea.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hata madaktari wenzangu wananichosha. Kuna vitu viwili vyenye sura moja. Cha kwanza ni ujuzi. Mtu anaweka hisia kando ili mkono usitetemeke anapotafuta mshipa, na huo ujuzi tunautaka. Ukija wewe unavuja damu hutamani muuguzi anayelia. Cha pili ni mgonjwa kugeuka kitu. Haitwi tena mama fulani, anaitwa "kitanda cha sita", anaitwa "ile PPH", yaani yule aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Christina Maslach na Susan Jackson, kwenye dodoso lao la mwaka 1981 la uchovu wa kazi, walikipima hicho pamoja na mengine mawili: kuishiwa nguvu za kihisia, na kujiona hufanikishi lolote kazini. Hayo mawili mengine yanaeleweka haraka, siyarudii. Hili la kumwona mtu kama kitu ndilo linalopita mbele ya macho ya mabosi likiwa limevaa nguo za ukomavu.

Ukisimama mlangoni mwa wodi huwezi kuvitofautisha. Wote wawili wanatembea haraka, wote wawili hawalii, wote wawili wanajaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, vizuri. Tena huyu wa pili anaweza kuonekana mfanyakazi bora zaidi, kwa sababu hakai tena na mgonjwa kuongea na kazi zake zinakwisha mapema.

Mimi ninachouliza ni habari za nyumbani. Ujuzi ni kama glavu, unauvaa kazini na kuuvua ukitoka. Huu mwingine hauvuliki. Nauliza: mtoto wako akianguka akachubuka goti, unafanyaje? Kuna aliyenijibu (nimechanganya habari za watu kadhaa, kwa hiyo msihangaike kubahatisha ni nani) kwamba aliliangalia goti, akaona jeraha halihitaji kushonwa, akaendelea kumenya viazi. Mtoto alisimama pale analia. Kilichomleta kwangu hakikuwa kifo chochote cha wodini. Ni yale maganda ya viazi. Alisema alikuwa anajiangalia anamenya, na hakusikia kitu.

Huyo ndiye "amezoea".

Sasa niwe mkweli, maana vitabu huwa vinapita hapa kwa mwendo wa basi la mkoani. Kwanza, wapo watu wanaokaa leba miaka thelathini, wanastaafu wakiwa wachangamfu, wanacheka, wanawakumbuka wazazi waliowazalisha kwa majina. Nimewauliza siri yao. Mmoja anasema sala, mwingine anasema bustani ya mchicha, wa tatu anasema hajui, na huyo wa tatu ndiye ninayemwamini zaidi. Pili, mpaka kati ya uchovu wa kazi na sonona (depression) umechorwa vizuri kwenye karatasi kuliko ndani ya chumba changu. Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019, linasema uchovu huu ni hali inayotokana na kazi na si ugonjwa. Sawa. Mimi nikiandika hivyo kwenye karatasi, mtu hapati ED, ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi. Nikiandika sonona anaipata, ila anabeba jina ambalo wenzake watalifanyia utani wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, mpaka astaafu. Kila mara nachagua, na sina uhakika kwamba huwa ni sayansi inayochagua.

Halafu kuna PHQ-9, yale maswali tisa ya kupima sonona, kuhusu wiki mbili zilizopita. Mpe muuguzi aliyetoka zamu za usiku mfululizo. Usingizi? Mbovu. Uchovu? Kila siku. Hamu ya kula? Amekula andazi saa 10 alfajiri. Umakini? Umeshapotea. Amekaribia alama 10, ambazo ndizo tunazoziangalia, kabla hajaulizwa lolote kuhusu huzuni. Ni ratiba inayojibu au ni yeye? Na swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, wengi wanaandika sifuri haraka mno. Hawa ni watu wanaojua fomu inakwenda wapi. Wanajua pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliona mwaka 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba; huku kwetu mtu anajibu swali la tisa akiwa na kifungu chake kichwani. Kwa hiyo sifuri ya muuguzi siiamini. Namuuliza kwa mdomo, polepole, fomu ikiwa imefunikwa. Na namuuliza nani anashika funguo za kabati la dawa.

Hoja ya wito, kwamba uuguzi ni wito kwa hiyo mtu avumilie tu, naipita kwa haraka kwa sababu inanipandisha sauti. Ndiyo, ni kazi ya wito. Mwenye wito naye hulala. Mwaka 1997 Dawson na Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya vibaya kwenye majaribio ya mkono na jicho sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Muuguzi aliyeamka saa 12 asubuhi kuandaa watoto wa shule, mchana akashindwa kulala kwa sababu ya majirani na msiba, usiku akaingia zamu, ikifika saa 5 ameshatimiza hizo saa 17. Na zamu ndiyo kwanza imeanza.

Basi uongozi ukikubali kwamba kuna tatizo, unaleta nini? Semina. Semina ya ustahimilivu, yenye projekta, siku ya mapumziko ya muuguzi! Au, baada ya tukio baya, wanataka niwakusanye wote siku hiyo hiyo kila mtu aeleze alichokiona. Hilo silifanyi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 hayakuona kwamba kikao kimoja cha aina hiyo kinazuia madhara ya baadaye, na kuna waliotoka humo hali imezidi. Mtu hajanawa mikono vizuri, unamlazimisha asimulie damu.

Ninachoomba ni kidogo na ndicho kinachonyimwa. Baada ya kifo, mtu mwingine ashike kitanda cha pili kwa nusu saa. Inchaji wa wodi aseme "kaa kwanza", na yeye mwenyewe akazungumze na ndugu. Kesho yake asipangwe usiku. Na kwenye kikao cha kupitia kifo, ile kanuni ya bila jina, bila lawama iwe kanuni kweli, lisianze lile swali la "nani alikuwa zamu?" Nimeona linavyofanya kazi. Muuguzi aliyefokewa kikaoni, mara ijayo damu ikianza anaanza kulifikiria faili. Anaandika vizuri sana. Muda wa kuandika vizuri umetoka mahali, na mahali penyewe ni kwa mgonjwa.

Najua jibu: watu wenyewe wako wapi? Shirika la Afya Duniani lilipendekeza madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, na sisi tuko mbali. Huyo wa kushika kitanda cha pili mara nyingi hayupo. Hapo sina dawa, na sitajifanya ninayo. Lakini neno "kaa kwanza" halihitaji kibali cha ajira.

Mainchaji, ombi moja. Msiulize "uko poa?" Hakuna muuguzi wa Kitanzania atakayekujibu tofauti na "niko poa, boss". Ulizeni amelala saa ngapi, amekula nini, nani yuko nyumbani akirudi. Majibu yakiwa mafupi mno, mleteni, au afadhali mumpe ruhusa aje mwenyewe. Ofisi yangu iko koridoni moja na kliniki ya kifua kikuu. Akionekana anapita pale, watu watadhani kapeleka makohozi. Wengi wameniambia hilo linawasaidia sana.