Atticus alishindwa kesi: dhana potofu kuhusu To Kill a Mockingbird

Ukiitaja riwaya hii ya Harper Lee, wengi hukumbuka sura ya Gregory Peck, aliyeigiza kama wakili Atticus Finch katika filamu ya 1962 na kuondoka na Oscar. Kitabu chenyewe kilitoka Julai 1960, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na kimeingia katika masomo ya shule nyingi. Hata hivyo, kinavyosimuliwa vijiweni ni tofauti na kilivyoandikwa.

Dhana: Ni hadithi ya wakili aliyemwokoa mtu mweusi asiye na hatia

Hakumwokoa. Tom Robinson, kibarua mweusi wa Maycomb, mji wa kubuni katika jimbo la Alabama, anashtakiwa kwa kumbaka msichana mzungu, Mayella Ewell. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, kwa hiyo yaelekea mpigaji alitumia mkono wa kushoto. Tom hana mkono huo wa kupigia: ulinaswa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto, ukabaki unaning'inia. Anayeandika kwa mkono wa kushoto mbele ya mahakama nzima ni Bob Ewell, babake Mayella. Daktari hakuitwa kumpima msichana hata mara moja.

Kinachommaliza Tom si ushahidi. Mwendesha mashtaka anamuuliza kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi za nyumbani bila malipo, naye anajibu kwamba alimwonea huruma. Ukisoma haraka utalipita jibu hilo. Katika Alabama ya miaka ya 1930, mtu mweusi kumwonea huruma mzungu, hata yule fukara anayeishi kando ya jalala, lilikuwa tusi lisilosameheka. Tom anajua amekosea mara tu neno linapomtoka, na kwangu mimi huo ndio ukurasa mzito kuliko hotuba yote ya Atticus.

Watu 12 wa jopo la raia wanaoamua kesi, wanaume watupu na wazungu watupu, wanarudi na neno moja: ana hatia. Kabla rufaa haijafika popote, Tom anauawa akijaribu kuruka uzio wa gereza. Mwilini wanamkuta na matundu 17 ya risasi.

Dhana: Atticus alijitosa mwenyewe kumtetea Tom

Hakuiomba kesi. Alipewa na Jaji Taylor, na mwenyewe anamwambia mdogo wake, Jack, kwamba alitarajia kumaliza maisha yake bila kukutana na kesi ya namna hiyo. Kwa kawaida mshtakiwa asiye na uwezo alipangiwa Maxwell Green, wakili kijana aliyehitaji uzoefu. Jaji alimruka kwa makusudi.

Basi ujasiri uko wapi? Wanaoutaja, bila wao kujua, ni wazee wanaopiga soga nje ya mahakama. Mmoja anasema mahakama ndiyo iliyompa Atticus kazi hiyo. Mwenzake anakubali, ila kinachomkera ni kwamba Atticus anakusudia kumtetea yule mtu kweli. Mji ungemsamehe wakili wa kusimama tu ili taratibu zitimie. Kwa Atticus mwenyewe, shujaa si mtu mwenye bunduki. Mfano anaompa mwanawe Jem ni Bi Dubose, kikongwe mbaguzi mwenye ulimi mchafu, aliyeamua kuachana na mofini ili afe bila kuitegemea, akijua maumivu yatakavyokuwa. Kumpa mtoto mfano wa mtu aliyekuwa akimtukana baba yake kunahitaji kifua.

Wapo waliolipa zaidi ya Atticus, tena si wa kubuni. Mwaka 1931, katika jimbo hilohilo, vijana tisa weusi walishtakiwa mjini Scottsboro kwa kuwabaka wanawake wawili wazungu ndani ya treni ya mizigo. Mwaka 1933 Jaji James Horton aliutengua uamuzi wa jopo dhidi ya mmoja wao, Haywood Patterson, kwa kuwa ushahidi haukusimama. Mwaka 1934 wapiga kura walimng'oa kwenye ujaji.

Dhana: Wabaguzi wa kitabu hiki ni akina Ewell

Ingekuwa hivyo, kitabu kingekuwa chepesi. Tazama kikao cha akina mama wa kanisa nyumbani kwa Atticus. Bi Merriweather anawasikitikia kwa machozi Wamruna, kabila la kubuni la Afrika, na mateso wanayopata huko porini. Baada ya dakika chache analalamika kwamba Sophy, mfanyakazi wake mweusi, amekuwa akinuna tangu kesi ya Tom iishe, na kwamba amemkumbusha Yesu hakuwa mtu wa kunung'unika. Mwafrika wa mbali analiliwa, aliyeko jikoni anaambiwa atabasamu. Msomaji wa upande wetu wa bahari atacheka, kisha kicheko kimkwame kooni.

Bi Gates, mwalimu wa Scout, binti wa Atticus anayesimulia hadithi, naye anawafundisha watoto ubaya wa Hitler kuwatesa Wayahudi. Scout amemsikia akitoka mahakamani akisema ni wakati watu weusi wapewe funzo. Kinyume chake, mwenye gazeti la mji, Bwana Underwood, hataki mtu mweusi amkaribie, lakini usiku ule kundi la wazungu lilipofika jela kumtoa Tom, yeye alikuwa dirishani na bunduki, akimlinda Atticus.

Dhana: Jina la kitabu lina uhusiano na dhihaka

La, ingawa "mock" kwa Kiingereza ni kudhihaki. Mockingbird ni ndege wa Amerika anayeiga sauti za ndege wengine. Kwetu ningemfananisha na kurumbiza. Kumuua ni dhambi, watoto wanaambiwa, kwa sababu kazi yake ni kuimba tu.

Dhana: Lee aliandika kitabu kimoja tu, tena aliandikiwa na Truman Capote

Capote, mwandishi mwenzake, alikuwa jirani na rafiki yake wa utotoni, na ndiye kielelezo cha Dill, rafiki wa Scout na Jem kitabuni. Basi. Kitabu cha pili, Go Set a Watchman, kilichapishwa Julai 2015 ingawa kiliandikwa kabla ya hiki. Ndani yake Atticus mzee anapinga watoto weusi kuchanganywa shuleni na wazungu. Wasomaji wengi walilia kama waliofiwa.

Dhana: Hayo ni ya zamani

Lee alizaliwa Monroeville, Alabama, na mahakama ya kale ya mji huo sasa ni makumbusho. Wenyeji huigiza humo kesi ya Tom Robinson. Katika kaunti hiyohiyo aliishi Walter McMillian, mkata miti mweusi. Mwaka 1988 alihukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyatenda, jaji akipuuza pendekezo la jopo la kifungo cha maisha. Aliachiwa 1993, kwa kazi ya wakili Bryan Stevenson. Majirani zake kadhaa, watu weusi, walikuwa wamekula kiapo kwamba saa ya mauaji alikuwa nao nyumbani kwake, wakikaanga samaki. Hawakuaminiwa.