Vita vya dakika 38 Unguja: yanayosemwa na yaliyotokea

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani wa Zanzibar. Siku hizi vita hivyo husimuliwa kama kichekesho, na ndiyo maana mengi yanapotoshwa.

Husemwa vilidumu dakika 38 kamili. Makataa ya Waingereza ya kushusha bendera ya jumba yaliisha saa 3 asubuhi, mizinga ikaanza kulia saa 3:02 na kunyamaza karibu saa 3:40. Wapo wanaofikisha 45. Hutegemea mtu anaanzia na kuishia kuhesabu wapi.

Husemwa pia kwamba Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, aligombana na Waingereza kwa ukaidi tu. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza, na mrithi wa kiti alitakiwa kukubaliwa kwanza na balozi wao. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti, Khalid aliingia jumbani siku hiyohiyo bila idhini. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, na ndiye waliyemtawaza baada ya mizinga kunyamaza.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba vita vifupi hivyo havikuua. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Jumba lilikuwa ufukweni kabisa, mbele ya mizinga, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya mbao. Watetezi walijikinga kwa makasha na marobota, kinga isiyozuia kombora la kulipuka. Makombora yalipopenya, moto ukashika, na wengi wakafia humo. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu kwa mizinga yake midogo ikazamishwa palepale bandarini. Maji hayakuwa na kina cha kuimeza yote, hivyo milingoti yake ilibaki ikichomoza kwa miaka mingi.

Je, Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lilibomolewa? Hapana. Lililoteketea ni jirani yake, Beit al-Hukm. Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, lilipata madhara madogo. Kilichoharibika ni mnara uliosimama mbele yake, na mnara tunaoujua juu ya jengo uliongezwa wakati wa matengenezo. Kuporomoka kwa sehemu ya jengo hilo Desemba 2020 ni habari nyingine.

Na Khalid hakuuawa. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, huku askari wa Kiingereza wakimvizia nje ili wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Unguja. Wajerumani wakangoja maji yajae. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipofika kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ya manowari yao, Seeadler, ikasogea hadi hapo. Khalid akapiga hatua moja kutoka langoni hadi mashuani. Alipelekwa Dar es Salaam, akatekwa na Waingereza 1916, akahamishiwa Ushelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.